Nimpeleke mzee kuvua Lake Texoma mwezi wa saba?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Dallas na familia yangu. Baba yangu anakuja kututembelea kutoka Mwanza mwezi wa saba. Amevua sangara maisha yake yote mpaka alipopumzika. Sasa amevuka miaka sabini na magoti yanamsumbua. Nimesikia kuna manahodha wanaopeleka watu kuvua striped bass Lake Texoma. Je, mwezi wa saba samaki wanapatikana? Kuna haja ya kumlipa nahodha au nikodi boti mwenyewe? Nitamchaguaje? Na samaki tutakaowapata tunaruhusiwa kula, au tuwarudishe majini? Wanangu wawili, wa miaka 8 na 15, nao wanataka kuja.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na mzee afike salama. Nianze na majibu ya haraka. Mwezi wa saba samaki wapo. Nahodha mlipe. Na samaki mtakaowavua siku hiyo wawekeni kwenye barafu mkawale, msiwarudishe. Hilo la mwisho ndilo watu hulikosea zaidi, tena kwa nia njema kabisa, kwa hiyo nitalikalia kuliko mengine.

Kwanza umjue samaki mwenyewe, maana mzee atakuuliza. Huyu besi milia, yaani striped bass uliyemtaja, ambaye wavuvi wa Texas humwita striper tu, kwa asili si wa ziwani. Ni samaki wa pwani ya Atlantiki ya Marekani, anayekulia baharini na kupanda mitoni kutaga. Mwaka 1941 mabwawa ya Santee Cooper kule South Carolina yalipofungwa, baadhi yao walizibiwa njia ya kurudi baharini. Wakaishi humo humo kwenye maji yasiyo ya chumvi, wakataga, wakazaana. Baada ya hilo kujulikana, majimbo mengine yakaanza kuwapandikiza kwenye maziwa yao, na Texoma walianza kupandikizwa miaka ya 1960. Mwambie mzee kwamba habari yake haiko mbali na ya sangara, ambaye naye aliingizwa Ziwa Victoria na watu miaka ya 1950 na leo wapo wanaodhani alikuwepo tangu enzi.

Kinachoipa Texoma jina ni kwamba samaki hawa huzaana humo wenyewe. Maziwa mengi ya Marekani yenye besi milia hutegemea vifaranga wanaomwagwa na serikali, kwa sababu mayai ya samaki huyu yana tabu yake: ni lazima yaelee yakisukumwa na mkondo kwa siku mbili hivi mpaka yaanguliwe. Mkondo ukikoma kabla ya hapo, yanazama kwenye tope na kuharibika. Texoma inaingiwa na mito miwili mirefu, Red na Washita. Majira ya kuchipua samaki hupanda mito hiyo kutaga, na mayai hupata safari ndefu ya kutosha kabla hayajafika ziwani. Mto Red pia huja na chumvi kutoka kwenye chemchemi za huko juu, hivyo maji ya ziwa yana chumvi zaidi kidogo kuliko ya maziwa mengine ya jirani. Ziwa lenyewe limetokana na bwawa la Denison, lililokamilika mwaka 1944 mpakani mwa Texas na Oklahoma. Ukubwa wake ni hekta 36,000 hivi. Kwa mtu aliyezoea kuvuka ghuba ya Mwanza ni ziwa dogo, ila upepo wa kusini ukivuma sawasawa lina mawimbi ya kutosha kumrudisha nahodha nyumbani.

Lingine la kumwandaa mzee ni ukubwa wa samaki. Besi milia wengi mtakaowapata ni wa kilo moja hadi tatu. Mwenye kilo tisa ni samaki wa kupiga naye picha na kuwatumia ndugu. Aliyewahi kuburuta sangara wa kilo hamsini kwa mkono anaweza kumtazama huyu na kunyamaza kimya, basi mweleze mapema kwamba hapa mtu huvua kwa ufito mwepesi na mshipi mwembamba. Samaki wa kilo tatu kwenye ufito wa namna hiyo ana nguvu ya kumshughulisha mtu vizuri sana.

Sasa Julai. Besi milia ni samaki wa maji ya ubaridi, na kadiri anavyokua ndivyo anavyozidi kuuhitaji. Mwezi wa saba maji ya juu ya Texoma huwa ya moto, yanakaribia nyuzi 30 za Selsiasi. Unaweza kusema basi si ashuke chini? Chini kuna ubaridi, lakini hakuna hewa. Kiangazi maji ya ziwa hujitenga matabaka: la juu la moto na jepesi, la chini baridi na zito, na hayachanganyiki mpaka joto lipungue. Vitu vinavyooza sakafuni hula oksijeni ya tabaka la chini mpaka inakwisha. Kwa hiyo samaki amebanwa katikati. Juu anaunguzwa, chini anakosa pumzi, na anabaki kwenye ukanda mwembamba ambao nahodha mzoefu anauona kama utepe wa madoa kwenye sona yake, kile chombo cha kuonyesha samaki walio chini ya maji. Wengi husogea upande wa bwawani, ambako kina ni kikubwa.

Kwa mvuvi hiyo ni neema, kwa sababu samaki wamekusanyika na ukilijua eneo unawapata wengi kwa muda mfupi. Kwa samaki ni kipindi kigumu kuliko vyote vya mwaka. Mtoe kwenye ukanda wake, mburute mita kumi kupitia maji ya moto huku anapigana kwa nguvu zake zote, mshike mikononi, mpige picha, kisha mwachie. Ataondoka akipiga mkia, na wewe utafurahi. Saa chache baadaye anaweza kuwa amekufa huko chini ambako humwoni. Mwili uliochoka unahitaji oksijeni nyingi ili upone, na mahali anaporudi oksijeni ni haba na joto ni kali. Akiwa ametolewa kwenye kina kirefu, bondo lake, yaani kifuko cha hewa tumboni, nalo huvimba na kumzuia kushuka. Utawaona wengine wakielea ubavu nyuma ya boti, na ndege wakiwasubiri.

Ndiyo maana nasema mle mlichovua. Kurudisha samaki ni jambo jema majira ya baridi na mapema majira ya kuchipua, maji yakiwa ya baridi na samaki ana nguvu. Julai, katika ziwa hili, kuvua kumi na kurudisha tisa ili ubaki na mmoja mkubwa ni kuua wengi wao bila kuwala. Sina namna laini zaidi ya kulisema hilo, na naomba ulichukue kama kipimo cha kwanza cha kumchagua nahodha.

Mpigie simu umuulize: "Tukitimiza idadi yetu mapema, tunafanya nini?" Anayejibu kwamba mtarudi bandarini, au mtakwenda kujaribu samaki wa aina nyingine, huyo anakula kutokana na ziwa na anataka liendelee kuwepo. Anayekuahidi kwamba mtaendelea kuvua na kuachia mpaka muda uishe, mwezi wa saba, mshukuru na ukate simu.

Idadi yenyewe ni samaki kumi kwa mtu mmoja kwa siku, besi milia na machotara wake wakihesabiwa pamoja, na kati ya hao wawili tu ndio wanaruhusiwa kufika au kuzidi inchi 20, yaani sentimita 51 hivi. Hakuna urefu wa chini. Mzee atashangaa hapa, kwa sababu Tanzania sheria inamkataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, na huku wadogo ndio wa kuchukua na wakubwa ndio wa kuachwa. Sababu ni hiyo ya kuzaana wenyewe: wadogo ni wengi mno na chakula kina kikomo, wakati jike kubwa lina mayai ambayo ziwa linayahitaji. Kwa hiyo mkishapata wakubwa wawili kila mmoja, nahodha anatakiwa awahamishe kwenda kwenye kundi la wadogo. Hilo nalo unaweza kumuuliza kwenye simu, na namna anavyolijibu itakuonyesha kama anawajua samaki wake.

Kuhusu kukodi boti mwenyewe: unaweza, na kwa matembezi ya familia boti zile pana za kukodi ni nzuri. Kwa kuvua sikushauri. Utakuwa na ziwa usilolijua, sona usiyoizoea, na juu ya yote hutakuwa na chambo. Chambo ndicho kazi hasa. Besi milia wa Texoma anakula shadi, samaki mdogo wa rangi ya fedha wa ukoo mmoja na sardini. Nahodha huanza kazi usiku wewe ukiwa bado umelala, anatafuta shadi kwenye maji mafupi na chini ya taa za bandari, anawatupia kimia na kuwapakia kwenye tangi. Shadi ni samaki wa kufa haraka. Tangi lake lazima liwe la duara, maana kwenye pembe hujigonga na kuumia, na maji yazunguke na kupata hewa muda wote. Unapomlipa nahodha unalipia saa hizo usizoziona, na unalipia kwamba jana na juzi alikuwa ziwani na anajua samaki wamelala wapi leo.

Hapa nina pendekezo. Muulize nahodha kama mzee anaweza kuja mapema kidogo atazame anavyotupa kimia, au hata akitupe yeye mara moja. Wengine watakataa kwa sababu ya haraka ya alfajiri. Wengine watafurahi sana kupata mgeni anayeijua kazi. Kwa mvuvi wa zamani, kuona kimia kikifunguka juu ya maji ya ugenini kunaweza kumgusa kuliko samaki wote wa siku hiyo.

Mwambie nahodha waziwazi kwamba mnataka kuvua kwa shadi hai. Zipo njia tatu kubwa za Julai. Alfajiri samaki huweza kupanda juu wakiwafukuza shadi, maji yakachemka, na watu wakawatupia vyambo bandia vinavyoelea. Ni jambo la kusisimua mno, lakini linataka kusimama mbele ya boti na kurusha mfululizo. Jua likipanda, wengi hutumia kipande cha madini ya risasi chenye umbo la samaki: unakishusha mpaka sakafuni, unakivuta juu kwa kasi, unarudia tena na tena. Kinavua sana, na baada ya saa moja bega la mtu wa miaka sabini litakuwa limelalamika. Kwa shadi hai, ufito unakaa kwenye kishikio, chambo kinaning'inia kwenye kina ambacho nahodha amekipima, na mzee anakaa kwenye kiti akiuangalia. Samaki akija ufito unainama mpaka ncha inagusa maji. Mwanao wa miaka 8 naye ataiweza njia hiyo. Waambie wote wasubiri ufito ujikunje wenyewe ndipo wauchukue na kuanza kukunja mshipi. Atakayeukwapua kwa pupa mara tu unapotikisika atamnyang'anya samaki chambo mdomoni. Mzee hatahitaji kufundishwa subira hiyo.

Kuna manahodha wanaochukua familia moja tu kwenye boti, na kuna boti kubwa zinazochanganya watu wasiojuana. Chukueni ya kwanza hata kama bei ni ya juu zaidi. Magoti ya mzee yanahitaji boti isiyo na ngazi ndefu, viti vyenye mgongo, kivuli, na nahodha anayeweza kusema "tupumzike" bila abiria wengine kununa. Uliza pia kuhusu choo, mapema na bila aibu, maana boti nyingi za wazi hazina. Halafu uliza kama ana leseni ya unahodha ya Coast Guard, yaani walinzi wa pwani wa Marekani, na bima ya abiria. Aliye nazo hujibu papo hapo. Uliza vilevile upepo ukiwa mkali inakuwaje malipo ya awali. Nahodha anayeahirisha safari kwa sababu ya upepo au radi amewatendea wema, hata kama mmeamka usiku bure.

Safari ya kawaida ni nusu siku, yaani muda wa saa nne au tano hivi. Mwezi wa saba mtakutana bandarini kabla jua halijachomoza, na kufikia saa nne au saa tano asubuhi mtakuwa mmerudi. Usikubali safari ya mchana. Kaskazini ya Texas mchana wa Julai joto huweza kuvuka nyuzi 38, na juu ya maji jua linakupiga mara mbili. Mzee avae kofia pana na mikono mirefu, na anywe maji kabla hajasikia kiu. Kama anatumia dawa za presha, muulize daktari wake kuhusu joto, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hukausha mwili. Mtoto wako wa miaka 8 lazima avae jaketi la kuokoa maisha muda wote boti inapotembea. Sheria ya Texas na ya Oklahoma inawataka hivyo walio chini ya miaka 13 kwenye boti ndogo. Huyo wa miaka 15 mvalishe pia, na kabla ya siku hiyo nahodha ajue uzito wao ili awe na majaketi yanayowatosha.

Leseni ya kuvua kwa kawaida haimo kwenye bei ya safari. Ipo leseni maalumu ya Lake Texoma ambayo inakuruhusu kuvua pande zote mbili, Texas na Oklahoma, na hiyo ndiyo mnayoihitaji, kwa sababu samaki hawajui mpaka na nahodha atawafuata. Upande wa Texas bei yake kwa miaka mingi imekuwa dola 12 na inaisha Desemba 31. Mzee, ingawa ni mgeni, naye anahitaji yake. Nenda naye dukani akiwa na pasipoti. Upande wa Texas wanao hawahitaji, maana huko leseni huanza kudaiwa kwa wenye miaka 17; kuhusu upande wa Oklahoma, ulizia kwanza kwa ajili ya huyo wa miaka 15. Angalia masharti ya mwaka huu kwenye tovuti ya idara ya wanyamapori ya Texas kabla ya kulipa, kwani bei na kanuni hubadilika. Kumbuka pia kwamba leseni hiyo ni ya ziwa. Mkitamani kwenda kuvua mtoni chini ya bwawa la Denison, huko ni habari nyingine.

Mkirudi, nahodha atawasafishia samaki hapo bandarini na kuwapa minofu kwenye mifuko. Nendeni na kasha la barafu, barafu nyingi kuliko unavyodhani inatosha. Mwombe aondoe ule mstari wa nyama nyekundu unaopita ubavuni chini ya ngozi, maana ndio wenye shombo. Ukishaondolewa, mnofu ni mweupe na haumeguki ovyo; unafaa kukaangwa, kuchomwa, na kwenye tui la nazi unatulia vizuri kuliko samaki wengi wa dukani huku. Mzee huenda akataka kichwa na mifupa kwa ajili ya mchuzi. Sema mapema, kabla kisu hakijaanza, kwa sababu manahodha wengi hutupa vyote hivyo. Bondo nalo hutupwa, halina soko hapa kama la sangara. Na akikuuliza samaki hawa wanauzwa bei gani, mjibu kwamba hawauzwi kabisa: besi milia wa ziwani ni samaki wa mchezo, na kumuuza ni kosa kisheria. Anayeonekana kwenye mahoteli mara nyingi ni chotara wa kufugwa.

Bakshishi ni desturi, asilimia 15 hadi 20 ya bei, mkononi mwa nahodha baada ya kusafisha samaki.

Piga simu sasa, usingoje mzee afike. Wikiendi za Julai hujaa mapema, na kwa hali ya mzee siku za katikati ya wiki ni bora mara mbili, kwa kuwa boti za matembezi ni chache na maji yanakuwa yametulia. Mpe siku nne au tano za kupumzika baada ya ndege kabla ya kumwamsha usiku. Kutoka Dallas ni mwendo wa saa moja na nusu, kwa hiyo fikirieni kulala Pottsboro au Denison, miji iliyo jirani na ziwa, usiku wa kuamkia safari, mzee apate usingizi kamili.